Kiingereza kwa simu ukiwa Uganda: mwongozo kamili kwa anayetoka kwenye Kiswahili

Mwaka wangu wa kwanza Kampala niliambiwa kwenye ofisi moja, "Come at two." Nilielewa kila neno. Kesho yake saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni na shati langu la kanisani, nikakaa kwenye benchi mpaka saa nane mchana, ndipo yule niliyekuja kumwona akafika. Hakuna aliyenidanganya. "Two" ya Kiingereza ni saa nane yetu. Kwenye simu nilikuwa na programu tatu za kujifunza lugha na hakuna hata moja iliyowahi kunionya, maana hakuna iliyotengenezwa ikimfikiria mtu anayeanza kuhesabu saa jua linapochomoza.

Vifaa vya bure vya kujifunzia Kiingereza mtandaoni ni vingi kuliko muda utakaoupata, na baadhi ni vizuri kweli. Ila vingi vilitengenezwa London na Washington, kwa mtu mwenye intaneti isiyokatika na asiye na watoto wanne wanaosubiri simu hiyo hiyo. Ukivichukua kama vilivyo, mwezi wa pili utachoka. Inabidi uvipinde kidogo vikukae. Nimeandika nikiwafikiria watu ninaoishi nao: Wakongomani wa Katwe na Nsambya, Warundi, Watanzania waliofuata biashara, ndugu walioko kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Kyaka II na Kyangwali, na wale wanaofundisha wenzao jioni bila mshahara.

Kuna atakayeuliza: kwani Kiswahili si lugha rasmi Uganda? Ni kweli, katiba ilirekebishwa mwaka 2005 kikawa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likapitisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Lakini barua ya shule ya mtoto wako, fomu ya hospitali, mkataba wa nyumba na mtihani wa kumaliza shule ya msingi (PLE) bado vinakuja kwa Kiingereza.

Hatua ya 1: Jirekodi kabla hujapakua chochote

Fungua kinasa sauti cha simu. Ongea Kiingereza dakika moja: jina lako, unakaa wapi, jana ulifanya nini. Usijiandae, usisome mahali. Ukikwama, kwama. Hifadhi faili hiyo kwa tarehe, kisha usiisikilize. Tutairudia mwishoni.

Baada ya hapo tafuta kiwango chako. Tovuti ya mitihani ya Cambridge ina jaribio la bure la maswali 25, halili bando, na linakuambia uko wapi kwenye ngazi ya A1 hadi C2 ambayo Baraza la Ulaya liliitoa mwaka 2001. Kwa lugha ya mtaani, A1 ni mtu anayeweza kununua nyanya, A2 anaweza kumweleza daktari anaumwa wapi, B1 anaweza kubishana na mwenye nyumba, B2 anaweza kukaa darasani chuoni. Vifaa karibu vyote nitakavyovitaja vimepangwa kwa herufi hizo, hivyo jua yako. Kosa ninaloliona kila mara ni mtu wa A1 kujitupa kwenye kipindi cha B1 kwa sababu rafiki yake alikisifia.

Jaribio hilo ni la kusoma. Kama mzee wako hakukaa darasani na hata Kiswahili anakisoma kwa shida, msimpe. Yeye anaanzia kwenye masikio na kwenye hadithi za picha, nitafika huko.

Hatua ya 2: Iandae simu kama unavyoandaa jiko

Usijifunze ukiwa mtandaoni. Nenda mtandaoni mara moja au mbili kwa wiki, penye Wi-Fi ya bure au kwa bando la usiku, pakua vya wiki nzima, kisha zima data na usome. Kipindi cha sauti cha dakika sita ni kama MB 6, ukiweka na maandishi yake hupiti sana hapo. Kipindi hicho hicho kwa video kinakula mara kadhaa zaidi, na usoni mwa mtangazaji hakuna cha kujifunza. Chukua sauti.

Ingiza kadi ya kumbukumbu kama simu ina nafasi yake, fungua folda ya kila wiki, na uweke VLC, programu ya bure ya kuchezea sauti, kwa sababu inakuruhusu kupunguza kasi bila sauti kugeuka ya zimwi. Ukiweka Google Translate, ingia kwenye mipangilio upakue Kiswahili na Kiingereza ili ifanye kazi bila data. Mafaili mgawane kwa Bluetooth au Xender: mmoja akinunua bando, watano wanasoma.

Jambo moja la hapa kwetu: ukisikia kuna kundi zuri la mazoezi kwenye Facebook, kumbuka kwamba tangu Januari 2021 Facebook haifunguki Uganda bila VPN. Msijenge darasa huko, jengeni WhatsApp.

Hatua ya 3: Chagua daraja la kuvukia

Hapa wengi hupoteza miezi. Duolingo, programu ya kujifunza lugha, wanayo njia ya kumfundisha Mwingereza Kiswahili, lakini hawana ya kumfundisha Mswahili Kiingereza. Ukifungua na kuchagua Kiingereza kwa Kiingereza, unazama. Ila kama ulisoma Kongo au Burundi na Kifaransa unacho hata cha kuungaunga, fungua akaunti ukisema lugha yako ni Kifaransa, na njia nzima inafunguka na maelezo unayoyaelewa. Ni nzuri kwa wiki nane au kumi za mwanzo, dakika kumi na tano kwa siku. Zaidi ya hapo unafukuzana na alama za mchezo tu.

Daraja la Kifaransa lina mbao mbovu, uzijue mapema. "Library" ni maktaba, si duka la vitabu. "Actually" haina maana ya "sasa hivi." Na mbao mbovu kuliko zote ni "demand." Kwa Kifaransa "demander" ni kuomba tu. Nimemshuhudia baba mmoja mstaarabu, mzee wa kanisa, akimwambia mhudumu wa dirishani "I demand you a form," na uso wa yule binti ukabadilika kama ametukanwa. Kwa Kiingereza hilo ni neno la mtu anayedai haki yake huku amegonga meza. Sema "Can I have" au "May I ask for," mambo yataisha kwa amani.

Asiye na Kifaransa avukie Kiswahili chenyewe, na kifaa bora nilichokiona ni African Storybook, mradi uliozinduliwa mwaka 2014 kutoka Afrika Kusini, ukiwa na vituo vyake vya majaribio pia Kenya, Lesotho na hapa Uganda. Ni hadithi fupi za picha, za bure, kwa lugha nyingi za Afrika. Unafungua hadithi kwa Kiswahili, unaisoma, unaielewa, kisha unabadilisha lugha na hadithi hiyo hiyo inatokea kwa Kiingereza, picha zile zile. Kuna kuku, kisima, bibi na shamba, hakuna theluji. Zimepangwa kwa ngazi, kuanzia neno moja kwa ukurasa. Yule mzee asiyesoma, mkalishe na mjukuu wake hapa. Wakiona aibu kwamba ni vitabu vya watoto, mwambie mjukuu ndiye anayefundishwa.

Hatua ya 4: Sikiliza kipindi kimoja wiki nzima

Kama utafanya hatua moja tu ya mwongozo huu, fanya hii.

Kwa mwanzoni kabisa, tafuta "Let's Learn English" ya VOA (Sauti ya Amerika). Sehemu ya kwanza ina masomo 52 yanayomfuata dada aitwaye Anna aliyehamia Washington. Anaongea polepole mno, na kwako hilo ni faida. VOA walianza utangazaji wa Kiingereza chepesi mwaka 1959, kwa msamiati wa maneno kama 1,500 na mwendo wa taratibu, na wengi wa kizazi cha baba zetu walikifahamu kupitia redio ya masafa mafupi. Kazi ya kuongeza vipindi vipya ilisimama Machi 2025, kwa hiyo nashauri upakue masomo yote mapema badala ya kuyaacha mtandaoni.

Kwa A1 na A2 kuna pia LearnEnglish ya British Council, imepangwa vizuri kwa viwango, na kila sauti ina maandishi na mazoezi. Kwa B1 kwenda juu kuna "6 Minute English" ya BBC Learning English: watangazaji wawili, mada moja, swali la kubahatisha mwanzoni ambalo jibu lake hutolewa mwishoni, na maneno sita yanayorudiwa. BBC wale wale wana "The English We Speak," ya misemo ya kila siku ya Uingereza. Inachekesha, lakini mseme huo msemo kwenye stendi ya taksi uone nani atakuelewa.

Sasa namna ya kusikiliza. Jumatatu, sikiliza kipindi chote mara moja bila maandishi, ukiwa unapika au unatembea. Jiulize kwa Kiswahili: wanazungumza nini? Sentensi moja inatosha. Jumanne, chukua dakika mbili za mwanzo tu, sikiliza na maandishi mkononi, na weka alama pale ambapo sikio na jicho havikubaliani. Hapo ndipo dhahabu ilipo. Utaona limeandikwa "What are you going to do" na wewe ulisikia kitu kama "wotcha gonado." Maneno yote unayajua, usichokijua ni jinsi yanavyomezana. Jumatano, rudia dakika hizo mbili ukipunguza kasi kwenye VLC mpaka 0.75, na useme pamoja nao, sauti yako juu ya yao. Alhamisi, ongeza dakika mbili nyingine. Ijumaa, zima kila kitu umsimulie mtu kipindi kilisema nini, kwa Kiingereza kilichovunjika hivyo hivyo. Jumamosi sikiliza chote tena. Utashangaa watangazaji wamepunguza mwendo, na wao hawajapunguza chochote.

Kwa wiki nzima ni kipindi kimoja. Watu hunibishia hapa, wanataka vitano kwa siku. Nimewaona wa vitano kwa siku, na baada ya mwaka wanayajua majina ya watangazaji.

Ukishazoea, ongeza ELLLO, maktaba ya bure ya mazungumzo ya watu wa nchi nyingi tofauti. Uganda hii utaongea Kiingereza na Muacholi, Mhindi, Msomali na Mkenya wengi kabla hujakutana na Mwingereza mmoja.

Na Anna wa Washington mpinde. Somo likimalizika, litoe kule ulilete huku: yeye anauliza njia ya nyumba yake, wewe uliza gari la Mbarara linapakia upande gani wa stendi. Sentensi ni ile ile, umebadilisha maneno mawili, na kesho utaitumia.

Hatua ya 5: Maneno yaingie yakiwa ndani ya sentensi

Programu ya kutunzia maneno ni Anki. Kwenye Android inaitwa AnkiDroid, ni ya bure na haihitaji data, ila ya iPhone inalipiwa. Unaandika kadi, mbele swali, nyuma jibu, nayo inakuletea kadi tena muda mfupi kabla hujaisahau: kesho, baada ya siku nne, baada ya wiki mbili.

Usipakue rundo la kadi 5,000 alizotengeneza mtu mwingine. Tengeneza zako, tano kwa siku, kutoka kwenye kipindi cha wiki au kwenye jambo lililokukwamisha mtaani. Na usiandike neno tupu. Kadi ya "lend = kukopesha" ni bure kabisa. Andika hivi:

Mbele: Can you ____ me 5,000? I will pay you on Friday.
Nyuma: lend. Nikopeshe. (Mimi ndiye ninayepokea: borrow.)

Kwetu kukopa na kukopesha ni shina moja lenye mkia tofauti, na Kiingereza kimeweka maneno mawili yasiyofanana hata kidogo. Waganda wengi wenyewe husema "borrow me," ukisema hivyo utapewa hela yako. Lakini kwenye mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la Uganda, ni kosa, kwa hiyo mtoto wako ajue zote mbili. Hali ni hiyo hiyo kwa kujifunza na kufundisha, na kwa kuona na kuonyesha. Kaa chini siku moja uorodheshe vitenzi vyako vya "-sha" na "-za," utapata kadi za mwezi mzima ambazo hakuna programu ingeweza kukupa.

Kadi nyingine zinazotuhusu sisi tu ni za yeye. Kiswahili hakina habari na jinsia ya mtu, "amekuja" ni mke au mume. Kiingereza kinakulazimisha uchague "he" au "she" kabla hujafungua mdomo. Google Translate ikikutana na "yeye" inabahatisha, na mara nyingi inamfanya daktari mwanaume na muuguzi mwanamke, hivyo barua unayoiandikia shule kuhusu binti yako isome tena kabla hujaituma. Na kadi za saa. Tengeneza kumi na mbili. Saa moja ni "seven." Saa tatu ni "nine." Mimi nilizilipia kwa siku nzima ya benchi.

Hatua ya 6: Ulimi

Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu kama ishirini, zimebanwa kwenye herufi zile zile tano. Ndiyo maana "ship" na "sheep" kwetu ni kitu kimoja. Fungua kamusi ya Cambridge mtandaoni, andika neno, bonyeza alama ya spika, utasikia matamshi ya Uingereza na ya Marekani. YouGlish nayo inakutafutia neno kwenye video za YouTube na kukuwekea pale pale linapotamkwa, watu kumi tofauti, neno moja. Inakula data, itumie kwa maneno yanayokutesa tu. Kisha jitumie ujumbe wa sauti WhatsApp kwa namba yako mwenyewe, ulinganishe.

Kuna mahali tumebebwa. "Th" ya "think" ni ile ya thelathini, na "th" ya "this" ni dh ya dhahabu. Mswahili wa pwani hapo hana kazi ya kufanya. Sisi tuliokulia Kivu tunaosema "zahabu" tuna kazi, na mazoezi yake ni kutamka Kiswahili sanifu kwa kioo, ulimi ukionekana katikati ya meno.

Mkazo ndio unaotuangusha zaidi ya yote. Kwetu mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho, umemaliza. Kiingereza kinauhamisha: "photograph" mkazo uko mwanzoni, "photographer" umerukia silabi ya pili. Kwenye kamusi, kile kialama kidogo kama msumari juu ya maandishi ya matamshi kimesimama kabla ya silabi yenye mkazo. Kijue hicho kialama hata kama mengine huyaelewi.

Usisumbuke kutafuta sauti ya London. Waganda wana Kiingereza chao na ndicho utakachoishi nacho. Ukimpita mtu analima atapenda umwambie "Well done," ambayo hapa ni salamu, imetoka kwenye Luganda. "You have been lost" ni "umepotea" yetu. Anayesema "I'm coming" huku anaondoka anamaanisha atarudi. Vipindi vya BBC havina hayo, yachukue kwa jirani.

Hatua ya 7: Kusoma

Hapa sina mengi. Ukishatoka kwenye hadithi za African Storybook, weka Kiwix, programu ya bure inayobeba Wikipedia nzima ndani ya simu bila mtandao. Chagua ile ya Kiingereza rahisi, toleo lisilo na picha ni dogo zaidi. Soma kuhusu vitu unavyovijua tayari: Ziwa Viktoria, muhogo, malaria, Simba wa Teranga (timu ya taifa ya Senegal). Ukijua habari, maneno yanajifichua yenyewe. Ukifika B1 soma New Vision au Daily Monitor, ukianzia kurasa za michezo, maana matokeo unayajua.

Hatua ya 8: Kuongea, na zile programu za akili bandia

Hakuna kinachompita mtu. Tafuta mmoja wa kiwango chako, mkubaliane dakika kumi kila jioni kwa ujumbe wa sauti, Kiingereza tupu, mada mnaipanga asubuhi. Ujumbe wa sauti ni bora kuliko simu kwa anayeanza, kwa sababu unaweza kuufuta ukarudia, na ule ufutaji wenyewe ni mazoezi.

Usipompata, zungumza na ChatGPT, Gemini, au Meta AI iliyomo ndani ya WhatsApp, ambayo imefika Uganda tangu 2024. Tatizo lake ni kwamba ukiipa sentensi yako mbovu inakuandikia upya kwa Kiingereza cha balozi, unafurahi, unanakili, hujajifunza kitu. Ifunge kamba. Mimi nawaambia wanafunzi waanze na maneno haya, kwa Kiswahili:

"Ninajifunza Kiingereza, niko A2. Nitaandika sentensi tano kuhusu siku yangu. Usiziandike upya. Nionyeshe kosa moja kubwa tu, nieleze kwa Kiswahili chepesi kwa nini ni kosa, kisha nipe sentensi tatu za kujaza pengo."

Kosa moja tu kwa siku. Mama mmoja muuza vitenge alianza hivi kwa hasira, alitaka kusahihishwa yote. Kosa lake la kwanza lilikuwa "Yesterday I go." Siku ya pili likawa lile lile, na ya tatu. Siku ya nne aliandika "went" bila kuambiwa, na kosa la siku hiyo likawa jingine.

Programu hizi hukosea kwa kujiamini, hasa zikieleza Kiswahili, hivyo jambo lenye shaka liangalie kwenye kamusi. Na usiweke humo habari za kesi yako ya ukimbizi, namba za kadi ya familia, wala jina la mtoto. Ukitaka kujifunza kujieleza kwa maofisa, tunga mtu wa uongo, umweleze yeye.

Kwa wanaofundisha

Nina simu moja, spika ya Bluetooth yenye ufa, ubao, na watu kumi na wanane ambao baadhi wamemaliza chuo Bukavu na wengine hawajawahi kushika kalamu. Somo linalofanya kazi kuliko yote ni la dakika moja ya sauti, na linachukua dakika arobaini. Mara ya kwanza nacheza, hakuna kuandika, nauliza kwa Kiswahili wamesikia nini. Mara ya pili, wawili wawili, kila jozi ina msomi na asiyesoma: asiyesoma anakumbuka, msomi anaandika. Utagundua asiyesoma ana masikio makali zaidi, kwa sababu maisha yake yote hajapata mahali pa kuandika. Mara ya tatu wanajaza mapengo. Kisha natoa maandishi yangu na tunayalinganisha ubaoni neno kwa neno, kwa ubishi mkubwa.

Tovuti ya TeachingEnglish ya British Council ina mipango ya masomo ya bure kwa walimu, imeandikwa kwa uangalifu. Inadhani una projekta, lakini pale panapoandikwa "onyesha picha" wewe leta kitu chenyewe: kipande cha sabuni, tiketi ya basi, pakiti ya dawa yenye maelezo ya kutumia. Pakiti ya dawa ni somo la saa nzima, na huenda siku moja likaokoa mtoto.

Kama kituo chenu kina kompyuta moja, weka Kolibri, programu ya bure ya masomo yasiyohitaji mtandao. Inapakiwa masomo mara moja penye intaneti, kisha simu za darasani zinaunganishwa nayo kwa Wi-Fi ya humo ndani bila kutumia hata MB moja. Inakaa hata kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya kiganjani.

Na Kiswahili kisifukuzwe darasani. Wengi wetu tulivalishwa kibao shingoni shuleni kwa kosa la kuongea lugha ya mama, na ninachokumbuka kutoka mwaka ule ni kamba ya kile kibao. Eleza kanuni kwa Kiswahili dakika mbili, kisha fanya mazoezi kwa Kiingereza dakika ishirini.

Pesa na vyeti

Kila kitu cha lazima nilichokitaja hapo juu ni bure. Mwaka mmoja nililipia cheti cha Kiingereza kwa kampuni ya mtandaoni, jina nalihifadhi, nikaletewa karatasi yenye muhuri wa dhahabu ambayo hakuna chuo kilichoitambua. Kabla hujalipa, iulize taasisi unayoiendea inataka mtihani gani, wakuandikie jina lake. Wakitaka IELTS, wenye mtihani huo ni British Council, IDP na Cambridge, na mazoezi ya bure yapo kwenye tovuti zao. Matokeo yanahesabika kwa miaka miwili, hivyo usiufanye leo kwa ajili ya safari ya siku usiyoijua. Na ule mtihani wa Duolingo unaolipiwa si ile programu ya bundi wa kijani, watu huchanganya: kumaliza masomo ya bundi hakukupi cheti cha mtihani.

Baada ya miezi mitatu

Rekodi dakika moja nyingine, maswali yale yale: jina lako, unakaa wapi, jana ulifanya nini. Kisha fungua ile faili ya siku ya kwanza na uzisikilize zikifuatana.

Yule mama wa vitenge tulizisikiliza pamoja, darasa limeisha, spika yangu ikikwaruza. Kwenye ya kwanza kuna sekunde kumi na mbili za kimya baada ya "My name is," nilizihesabu. Kwenye ya pili anasimulia mteja aliyetaka kumpunja bei, anaiga sauti yake, na dakika inakatika kabla hajafika mwisho. Alinishika mkono akasema, "Mwalimu, rudisha, sijamaliza," akaendelea na kisa chake kwa Kiingereza, kinasa sauti kimeshazimwa.